Ng'ombe wa Bibi Kokubanza na Majina Yangu Mawili

Kwa mamlaka niliyojikabidhi mwenyewe, na mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, natangaza rasmi kwamba mimi, Twaha, mwana wa Rwegoshora wa Kanoni, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye akili timamu na pea moja ya viatu, nimechaguliwa kwenda kuishi Ulaya.

Tangazo hilo lilidumu kwa muda mfupi kuliko ule anaotumia mtu kupoza kipande cha ini.

Wewe ambaye gazeti la juma lililopita lilikufikia likiwa limefungiwa chumvi, usinung'unike. Nitakupa yaliyopita, tena kwa ufupi.

Baba yangu mdogo Swaibu, ambaye vita vya Amini vilipokwisha alidandia lori lililokuwa likirudi Mombasa na kwa maelezo yake hakuteremka mpaka Denmaki, alirudi nyumbani baada ya miaka kumi. Alirudi na koti zito asilolivua hata juani, na habari moja: akiondoka tena ataondoka na mtoto mmoja wa ukoo, akamsomeshe huko huko.

Watoto wa ukoo wetu ni wengi kama migomba. Mchaguzi ni mmoja tu, naye ni Bibi Kokubanza, mama yake baba mdogo.

Bibi akatoa sharti. "Anayekwenda ni yule ambaye Wazungu hawatamgeuza. Na mimi nitamjua kwa kisu. Siku ya karamu ya kumpokea Swaibu, mwenye kuitaka Ulaya amchinje ng'ombe wangu mbele ya watu wote."

Wajukuu wengine wakatazama chini. Mimi nikasimama, nikasema kwamba shuleni nachinja kila sikukuu. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa lipo jambo ambalo juma lililopita nililiruka kwa makusudi. Shuleni sijawahi kuchinja hata panzi. Shuleni hata Twaha mwenyewe hayupo.

Shule yangu ni ya bweni, ya misheni, na sitaitaja jina maana haijanikosea kitu. Siku ya kuripoti kidato cha kwanza nilisikia kwenye foleni kwamba wanakwaya hula wali na nyama kwa mapadri kila Jumapili. Wengine wote hula maharage, na maharage yenyewe yana wakazi ndani yake.

Nilipofika mbele, mwalimu wa kwaya, Mwalimu Pastory, akaniuliza jina. Nikafungua mdomo. Aliyetoka humo alikuwa Ildefonsi.

Tangu siku hiyo mimi ni Ildefonsi, Mkatoliki, sauti ya nne. Komunyo sikuthubutu kupokea, maana hata mimi nina mpaka. Wenzangu walipopanga mstari, nilibaki nimepiga magoti, kichwa chini. Padri akanisifu mbele ya shule nzima: "Mtazameni Ildefonsi, jinsi anavyojiona hastahili!"

Ni kweli sikustahili. Nilikuwa nawaza wali.

Siri hii aliijua mtu mmoja tu, Gaudiosus, jirani yetu wa Kanoni na mwanakwaya mwenzangu, sauti ya tatu. Kila likizo alinibeba kwa baiskeli yake. Tulipofika kwenye kona ya kuingia kijijini, Ildefonsi aliteremka na Twaha akapanda.

Basi Jumamosi ya karamu, asubuhi, nilimfuata baba mdogo Swaibu migombani nyuma ya jiko. Nilimkuta amejikunyata ndani ya koti lake, anakula ndizi mbivu kama mtu aliyeziiba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umetumwa na bibi yako?"

"Hapana. Nataka unionyeshe ng'ombe anavyochinjwa."

Ndizi ikasimama njiani. "Si unachinja shuleni?"

"Nachinja. Ila vya shuleni ni vya kishule. Vidogo vidogo."

"Kama nini?"

"Kama kuku."

"Umechinja kuku wangapi wewe?"

"Nilikuwa nashika miguu."

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Kisha uso wake ukabadilika.

"Twaha, mimi nashika kisu kutwa nzima, miaka kumi sasa, na siwezi kukufundisha kitu. Kile kiwanda cha samaki ninachomsimulia mama hakina samaki."

"Kina nini?"

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akajisukuma pua kwa kidole ikaelekea juu, kisha akakoroma taratibu.

"Nguruwe?"

"Nyamaza! Mama ana masikio ya sungura."

"Unawala?"

"Thubutu! Naweka masikio yao huku na miguu huku, basi. Mimi chakula changu ni mkate na jibini. Jana mkate na jibini, kesho mkate na jibini. Hizi ndizi nazila huku nyuma kwa sababu nikizila mbele ya watu nitalia, halafu shangazi zako watasema Ulaya imenivunja."

Nikaona mazungumzo yanaelekea pabaya, nikayarudisha kwenye utukufu. "Lakini Wazungu wanakupenda, baba mdogo?"

"Wananipenda sana. Wananipenda kwa jina la Simon."

"Simon ni nani?"

"Ni mimi. Siku ya kwanza msimamizi aliniuliza naitwa nani, nikamwambia Swaibu. Akalitafuna, likamshinda. Akasema, wewe Simon. Nikafikiri ni ya siku ile tu."

"Na msikitini je?"

"Msikiti wetu ni chumba cha chini ya jengo, zamani walikuwa wanaweka baiskeli. Waturuki wa pale ni watu wema. Wananiita Afrika. Afrika, sogea mbele. Afrika, funga mlango, baridi inaingia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza Karagwe iko wapi, au mimi ni mtoto wa nani."

Akatupa ganda la ndizi.

"Mwaka jana nilikuwa natembea barabarani, mtu akaita nyuma yangu: Swaibu! Swaibu! Alikuwa baharia mmoja wa Tanga, tulifika kule pamoja. Sikugeuka, Twaha. Nilifika mwisho wa mtaa ndipo nikakumbuka kwamba ni mimi ninayeitwa."

Mimi nina mzaha kwa kila tukio, hata matanga. Nilitafuta wa pale, nikaukosa.

"Ndiyo sababu nataka mtoto wa kwenda naye," akasema. "Kusoma atasoma, lakini mimi nataka mtu mmoja kule wa kuniita jina langu asubuhi. Na awe mwenye jina moja tu. Mwenye mawili atatupoteza wote."

"Mimi ninalo moja," nikasema haraka. "Tena limechakaa kwa kutumika."

Akanishika bega. "Basi chinja vizuri. Mama akikukubali, tunaondoka wote."

Nilitoka migombani nikiwa nimevimba kwa heshima, na nimenywea kwa woga, vyote kwa pamoja.

Kwa wasomaji wa mbali, niseme hivi. Huku kwetu, ukitaka karamu yako iliwe na kila mtu, kisu anashika Mwislamu. Hata harusi ya Wakatoliki, hata kipaimara, hata mchungaji wa Kilutheri akiozesha binti, wanampelekea ujumbe Maalimu Amza wa madrasa, naye anakuja na kisu chake kwenye gunia. Anachinja, anapewa mguu, anakwenda zake. Wote wanakula bila kuulizana.

Siku hiyo Maalimu Amza alinikabidhi mimi kisu. Uwanja ulijaa. Waislamu walikuwa wachache, maana ndivyo tulivyo Kanoni. Wakatoliki walikuwa wengi, na mbele yao alikaa Mzee Elpidius, ambaye kila karamu huja na sahani yake kutoka nyumbani ili asicheleweshwe.

"Mlazeni aelekee kibla," Maalimu akasema.

Baba mdogo Swaibu, akitaka watu wajue kwamba Ulaya haikumpoteza, akaruka mbele. "Huku!" akaonyesha kwa mkono wote.

Wanaume wakamgeuza ng'ombe. Bibi Kokubanza akainuka kwenye mkeka.

"Swaibu mwanangu, huko unakomwelekeza ng'ombe wangu ni Biharamulo. Makka imehamia huko lini?"

Uwanja ukaangua kicheko. Baba mdogo akatazama jua, akatazama mkono wake, kama mmoja wao alikuwa amemdanganya.

Maalimu Amza hakucheka. "Mwacheni," akasema. "Kwa mtu aliyeko Denmaki, Makka iko upande huo. Maana yake ni kwamba alikuwa anasali."

Bibi akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, kisha akawafokea wenye kamba kwamba wanamchosha ng'ombe. Wakamgeuza tena. Katika kugeuzwa, ng'ombe akamkanyaga Gaudiosus mguu. Gaudiosus alikuwa ameshika pembe, kwa hiyo hakuwa na namna ya kulipiza.

Nikapiga goti. Kisu kilikuwa kizito kama jembe. Maalimu alikuwa upande wa mkia, amekalia miguu ya nyuma pamoja na wanaume wawili. Mbele tulikuwa mimi, Gaudiosus na shingo.

Shingo ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.

Nikawaza ndege. Nikawaza mkate na siagi. Midomo yangu ikacheza, ng'ombe akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani, Gaudiosus akanitolea macho kama mtu aliyeona jini, na kisu kikapita.

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi akanyoosha mikono yote miwili juu.

"Mjukuu wangu! Huyo ndiye!"

Shangazi Kokuhirwa, mkuu wa masufuria, akachukua nyama. Maini yakawekwa kwenye makaa kwanza, maana huku kwetu mwenye karamu huonja ini ndipo wengine wapakuliwe. Harufu ikatanda. Mzee Elpidius akapangusa sahani yake kwa shati.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na baba mdogo, kwenye kiti cha kuegemea, nikipokea pongezi kwa kutikisa kichwa tu, kama waziri. Ndipo baiskeli ikaingia uwanjani.

Juu yake alikuwa Mwalimu Pastory.

Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa anatoka Mabira kumsalimu dada yake, akapita kwa akina Gaudiosus kuomba maji, akakuta nyumba tupu, akaambiwa na wapita njia kwamba watu wote wako kwenye karamu ya Mzungu, yaani baba mdogo. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba ardhi ya Kanoni haifunguki unapoihitaji.

"Ildefonsi!" akapaza sauti ile ile ya mazoezi. "Kumbe na wewe ni wa huku!"

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo Ildefonsi. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi.

"Shikamoo, mama," Mwalimu akamwambia Bibi, akiegesha baiskeli. "Hongera kwa kijana huyu. Kwaya yangu isingesimama bila yeye."

"Marahaba, waitu, ndugu yetu. Kwaya ya wapi?"

"Ya misheni, mama. Mkatoliki safi! Padri mwenyewe anamtolea mfano."

"Mkatoliki," Bibi akasema, polepole, kama anayeonja dawa.

"Mawe! Mama yangu!" akalia shangazi Kokuhirwa. "Nyama yangu!" Akafunika masufuria, moja baada ya jingine, kama vile nyama nayo isisikie.

Maalimu Amza akaweka chini kikombe chake cha chai. Bibi akanitazama mimi, akamtazama ng'ombe, yaani ile sehemu yake iliyokuwa bado inaonekana.

"Nauliza kwa upole," akasema. "Ng'ombe wangu amechinjwa na nani? Na Twaha au na Ildefonsi?"

Mzee Elpidius akanyoosha sahani. "Sisi kwa upande wetu, waitu, yeyote kati yao hatuna neno naye. Leteni tu."

"Elpidius, kaa!" Bibi akasema. Elpidius akakaa.

"Twaha, nakuuliza wewe."

"Ni wali, Bibi," nikasema.

"Wali gani?"

Nikaeleza. Nilieleza foleni, maharage na wakazi wake, wali wa Jumapili, jina lililotoka lenyewe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Mwalimu Pastory alivyozidi kuinama.

"Kwa hiyo ule unyenyekevu wako wa kila misa?" akauliza.

"Ilikuwa njaa, mwalimu."

"Mimi nilikuwa nakuombea uwe padri!"

"Ahsante, mwalimu."

Sikuthubutu kumtazama baba mdogo. Nilisikia tu pumzi yake pembeni, na sauti yake ndogo: "Mawili." Lingekuwa tusi lisingeniuma vile.

Maalimu Amza akaja akasimama mbele yangu. "Ulibatizwa?"

"Hapana, Maalimu. Nilisema nimeshabatizwa kwetu."

"Uliikana dini yako?"

"Nilikana maharage tu."

Watu wakacheka. Maalimu akasubiri wamalize.

"Kutumia jina la uongo ni kosa, na fimbo yake nitaichagua mimi mwenyewe. Lakini mtoto hajatoka kwenye dini, ni tumbo lake lililotoka. Linalobaki ni moja. Alipopitisha kisu, alimtaja Mwenyezi Mungu kama anavyotakiwa au hakumtaja? Mimi nilikuwa mkiani, na ng'ombe alipiga kelele. Aliyekuwa karibu ni nani?"

Uwanja mzima ukamgeukia Gaudiosus.

Gaudiosus akasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ukiwa umevimba. Akanitazama. Akatazama masufuria. Rafiki yangu huyu ni mtu mkweli, lakini hakuwa amekula tangu jana yake kwa ajili ya karamu hii.

"Alitaja," akasema. "Alitaja vizuri kabisa. Hata mimi niliguswa."

Shangazi Kokuhirwa akafunua masufuria. Pumzi ilitoka kwenye vifua vyote kwa mara moja, na baba mdogo Swaibu, ambaye alikuwa ameivumilia harufu ile muda wote, akapenyeza mkono, akachukua kipande cha ini, akakitia mdomoni kabla hata ya mwenye karamu. Mtu wa mkate na jibini, nani angemlaumu?

Bibi akacheka. "Basi yameisha. Huyu mtoto ni mjinga, lakini ni mjinga wetu. Amekiri mbele ya watu, hilo tu linatosha. Swaibu, mchukue. Huko kwenu mpikie wali kila siku asije akaingia kwaya nyingine."

Baba mdogo akanitazama huku anatafuna. Akafikiri. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na jicho moja likanikonyeza.

Wasomaji, hapo ndipo lile tangazo langu la mwanzo lilipopata nguvu ya sheria. Nilikuwa nakwenda Ulaya. Nilijiona ngazini mwa ndege, nikiwapungia mkono wanakwaya wote.

Shangazi akamletea Bibi ini kwenye jani la mgomba. Bibi akachagua kipande kizuri, akakipuliza.

Yapasa mmfahamu Bibi yangu. Akisafiri kwenda Bukoba kumwona daktari, anashinda na ndizi za kuchoma alizofunga kwenye kanga, kwenda na kurudi, kwa sababu hajui nyama ya hotelini ilichinjwa na nani. Jirani akimletea mchuzi, anamshukuru, anampa paka. Hajawahi kula kwa mashaka tangu asilimu, na alisilimu akiwa msichana.

Akawaambia watu, kipande kikiwa mkononi, "Niliyemlea mimi hawezi kunilisha haramu." Akafungua mdomo.

"Bibi, usile!"

Ulikuwa mdomo wangu. Nimekwisha kuwaambia kwamba mdomo huu haunisubiri.

Mkono wa Bibi ukasimama hewani. "Nisile kwa nini?"

Nyuma yake Gaudiosus alikuwa ananikatalia kwa kichwa, kwa mikono, hata kwa ule mguu uliovimba. Mzee Elpidius, aliyekwisha kujipakulia bila kungoja, akaifunika sahani yake kwa kiganja.

"Gaudiosus amenitetea tu, Bibi. Amedanganya."

"Hukusema kitu?"

"Nilisema. Nilitafuta la kusema, sikulipata. Mdomo ukatoa lile linalotoka kila Jumapili."

"Lipi, Twaha?"

Niliiona ndege inaondoka. Niliwaona hata abiria.

"Bwana utuhurumie," nikasema. "Na sikulisema, Bibi. Nililiimba. Sauti ya nne. Ilibakia kidogo tu Gaudiosus aitikie."

Pembeni yangu, baba mdogo Swaibu, ini likiwa bado shavuni, aliacha kutafuna.